Macho Wazi Wakati wa Maombi

Mimi kazi yangu ni kuwaangalia watu wakiomba. Mtu akisema "tusimame kwa neno la maombi," ninyi mnainamisha vichwa na kufunga macho, na hapo ndipo mimi naanza kazi. Naangalia nani ameinama kwa moyo na nani anakagua viatu vya jirani. Naangalia mheshimiwa amepeleka mikono wapi. Naangalia walinzi wake, maana hao hawafungi macho kamwe, na tukitazamana huwa tunaitikiana kwa kichwa, kama watu wa shifti moja. Chuoni nina mwenzangu anayesoma matangazo ya sabuni na mwingine anayesoma vichekesho vya redio, na hakuna anayewasumbua. Mimi nikisema nasoma jinsi dini inavyosemwa mbele ya maikrofoni, kila mtu anataka kujua nimeokoka au sijaokoka.

Sikuichagua kazi hii kwa utakatifu. Niliichagua kwa sababu nchi hii haiwezi kufungua hata kikao cha wenye ploti bila maombi, na kwa sababu maombi ndiyo hotuba ya pekee ambayo huwezi kuikatiza. Mtu akihutubia unaweza kunyoosha mkono, unaweza kuguna, unaweza kuamka ukaenda zako. Akiomba utafanya nini? Utasimama hapo umeinamisha kichwa huku yeye akikusema mbele ya Mungu. Nimesikia harambee ikitangazwa ndani ya maombi, pamoja na saa na uwanja, ili Bwana asipotee njia. Nimesikia mchungaji mmoja akiomba kwa ajili ya "ndugu yetu aliyeketi mbele, mwenye koti la kijivu," kwamba alegezwe moyo. Koti la kijivu lilikuwa moja tu. Nilimwona mwenyewe akifungua jicho moja, akaliangalia koti lake, akalifunga tena.

Hata udaktari wangu niliupata kwa macho wazi. Siku ya kuitetea tasnifu, mwenyekiti wa jopo alisema tuanze na Mungu, na mimi nikasahau kwamba siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nachunguzwa. Nikabaki natazama. Ng'ambo ya meza alikuwa mtahini wa nje, mzee mkali ambaye wanafunzi walikuwa wakimwogopa kuliko mtihani wenyewe, na mkono wake ulikuwa ndani ya sahani ya sambusa. Tukatazamana. Maombi yalikuwa yakiendelea. Akaitia ile sambusa mdomoni nzima nzima, akafunga macho taratibu, mashavu yamejaa. Ilipofika zamu yake ya kuuliza maswali, alisema kazi imejieleza yenyewe, yeye hana la kuongeza. Tangu siku hiyo naitwa daktari, na sambusa naziheshimu.

Mama yangu hakuipenda kazi hii hata siku moja.

Tunaishi Kitengela, upande ule wa machimbo ya mawe, na Mama ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, kitambaa cheupe kichwani, kimepigwa pasi mpaka kinasimama chenyewe. Kwake yeye, wanaofungua macho wakati wa maombi ni wa aina mbili tu: watoto wadogo na wezi. Nilipokuwa mtoto alikuwa ananifinya. Nilipokuwa na shahada mbili alikuwa bado ananifinya, pale pale, juu ya kiwiko.

"Mami, funga macho." Ananiita Mami kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na hata akinigombeza ananigombeza kwa heshima ya bibi.

"Mama, niko kazini."

"Kazini Jumapili? Na mshahara utalipwa na nani, na Shetani?"

Kitu kilichomsumbua zaidi ni vile angenieleza kwa wenzake. Watoto wa wenzake walikuwa na kazi za kueleweka, mmoja benki, mwingine kwenye mashamba ya maua, mwingine Kajiado kwenye ofisi za kaunti na kiti kinachozunguka. Siku moja wakamuuliza, huyu wako ni daktari wa nini? Mama akasema, wa maombi. Kesho yake mama mmoja mzee alikuja kwetu akaketi, akapandisha rinda, akaninyooshea goti. Nikamwambia, shosho, mimi si daktari wa hivyo. Akaniambia niangalie tu. Nikaliangalia. Nikamwambia goti limevimba aende hospitali. Akaenda, akatibiwa, akarudi, na Jumapili akasimama kutoa ushuhuda kwamba binti wa mwenyekiti alilitazama goti lake na likapona. Mama alinitazama kwa fahari ambayo tasnifu haikuwahi kunipatia. Sikuwa na nguvu za kusahihisha.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu yaliyotokea baadaye yalianzia kwa tanki la maji.

Kulikuwa na tanki jipya karibu na soko la mifugo kule Kajiado, na mkubwa mmoja alikuja kulifungua. Nilienda na kinasa sauti changu kama kawaida. Mkubwa alizungumza juu ya amani, akazungumza juu ya hali ya hewa, akazungumza juu ya vijana, na maji hayakutajwa kabisa. Tanki lilikuwa pale nyuma yake, tupu, limefungwa utepe. Kisha mchungaji wa pale akaitwa kufunga kwa maombi. Alikuwa mtu mfupi, mpole, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza ng'ombe. Akasema: "Baba, tunakushukuru kwa sababu umemfunulia mgeni wetu kwamba tanki bila bomba ni sufuria tu. Tunakushukuru kwa sababu ameazimia moyoni mwake kuleta bomba mpaka hapa sokoni kabla ya mvua. Mlinde, Baba, mpaka alete."

Mgeni alifungua macho yote mawili. Akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akanitazama mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu macho mengine yote yalikuwa yamefungwa. Wachungaji wa mifugo wote wakasema "Amina!" wakiwa wameinua fimbo, na yeye angefanya nini? Akasema Amina. Na bomba lilikuja. Si kabla ya mvua, lakini lilikuja.

Niliandika makala juu ya siku hiyo, na hoja yangu ilikuwa rahisi: Amina ikisemwa hadharani ni sahihi ya mkataba. Umetia kidole. Makala ikaenda kwa wahakiki wa jarida, na mmoja wao, ambaye sijui jina lake na Mungu anisaidie nisilijue, akauliza nimejuaje kwamba yule mkubwa alisema Amina na hakuchezesha midomo tu. Nilikasirika nikazunguka meza. Nilikuwa pale! Macho yangu yalikuwa wazi! Kati ya watu wote uwanja mzima, nani alikuwa anaangalia mdomo wake kama si mimi?

Jioni hiyo nilimweleza Mama hadithi yote, kwa hasira, huku yeye akichambua maharagwe.

"Huyo mchungaji alifanya dhambi," akasema. "Maombi si mtego wa panya."

Akachambua, akatupa jiwe moja, akatupa lingine.

"Na bomba lilikuja?"

"Lilikuja, Mama."

Akaendelea na maharagwe yake.

Nyumba ya Mama imejengwa kwa mawe ya hapa hapa Kitengela. Baba alikuwa ananunua mawe kidogo kidogo, na jioni wao wawili walikuwa wanasomba maji kwa mitungi ya kuchanganyia simiti, maana mifereji haikuwa imefika huku. Waliingia chumba kimoja kikiwa hakina dirisha, wakajenga cha pili wakiwa ndani ya cha kwanza. Baba alifariki kabla ya baraza ya mbele kuisha. Mama aliimaliza peke yake, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuketi upande wa kushoto wa baraza hiyo. Hatukuuliza. Tulikaa kulia.

Kwa hivyo mnaelewa alivyojisikia mawe yale yale yalipoanza kumgeukia. Machimbo yalikuwa mbali tulipohamia. Kila mwaka yakawa yanasogea. Alasiri wakilipua baruti, vyombo kabatini vinapiga makofi na sukari inaruka kwenye bakuli. Ufa ukatokea juu ya mlango wa sebule. Mama akautundikia kalenda. Ufa ukaipita kalenda. Akatundika picha kubwa ya harusi yake, na kwa muda mambo yakatulia, mpaka siku moja nikaona mstari umetokea chini ya fremu na unateremka. Akaanza kutafuta picha kubwa zaidi.

Ndipo mwenye machimbo akanunua ile ploti iliyo ng'ambo ya njia, mkabala na lango letu, akatangaza kwamba atafungua shimo jipya hapo. Tulimwita fundi. Alipapasa ukuta, akagonga, akasema bila kuzunguka kwamba baruti ikipigwa pale, nyumba hii haikai. Mama akamwambia anywe chai yake aende. Kisha akakaa barazani, upande wa kulia, akaangalia upande wa kushoto. Niliumia sana kumwona hivyo, na nilimchukia yule mtu kwa moyo wangu wote.

Tatizo ni kwamba yule mtu hakuwa mtu wa kuchukiwa kwa urahisi. Alikuwa mzee wa kanisa letu. Mabati ya kanisa alitoa yeye, madawati alitoa yeye, ukilazwa hospitali yeye ndiye wa kwanza kuja na matunda. Na alikuwa na Amina. Jamani, ile Amina! Kubwa, nzito, na ilikuwa na haraka. Mchungaji akivuta pumzi tu katikati ya sentensi, "Amina!" Akimeza mate, "Amina!" Nina kanda nzima ambamo Mungu ameombwa "atuondolee—" na Amina ikaingia kabla hatujajua atuondolee nini. Mbele ya mtu kama huyo, nani angesimama aseme, mzee, shimo lako hatulitaki? Watu walikuwa wananong'ona kwa maduka tu. Mchungaji wetu mwenyewe alikuwa anasema ni jambo la kuombea.

Chifu akaitisha kikao cha maoni ya wananchi, ndani ya kanisa, chini ya mabati ya mwenye machimbo. Afisa wa kaunti angetoka Kajiado kuja kuandika maoni hayo, na akiondoka bila pingamizi, shimo lingefunguliwa. Mwenyekiti wa akina mama, kama kawaida, ndiye angefungua kwa maombi.

Basi mimi na elimu yangu yote nikaketi nikamwandikia Mama maombi. Yalikuwa maombi mazuri. Yalikuwa na utangulizi, yalikuwa na madai, yalikuwa na mahali pa kupumzikia ili Amina iingie. Mama akayasoma akiwa amevaa miwani kwenye ncha ya pua.

"Mami, hii ni maombi ama ni mkataba wa shamba?"

"Ni yote mawili, Mama. Hapo ndipo utaalamu ulipo."

"'Kwanza'... 'pili'... 'kwa kuzingatia yaliyotangulia'... Sasa Mungu atafikiri mimi ni karani." Akaikunja ile karatasi, akaiweka chini ya mguu wa meza unaotikisika. Meza ikatulia. "Nitaomba vile naombanga."

Nikajua tumekwisha. Mama akiomba huwa anaombea wagonjwa, wasafiri, watahiniwa na mvua, na anamaliza.

Siku ya kikao tulitembea pamoja mpaka kanisani. Njiani tulimkuta Yeyo, jirani yetu Mmaasai ambaye kila mtu mtaani anamwita hivyo, yaani mama, akiwa na mbuzi wake kando ya njia. "Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai. "Iko," nikajibu. Alikuwa anakuja kikaoni pia, na mbuzi nao walikuwa wanakuja, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwachia. Akawaacha kwenye nyasi za nje ya kanisa, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango.

Pale mlangoni Mama akanishika juu ya kiwiko. Nikajikaza, nikijua nafinywa. Hakunifinya.

"Leo usifunge macho," akasema.

"Mama?"

"Umenisikia. Angalia mdomo wa huyo mtu." Akarekebisha kitambaa chake, akaingia.

Nilisimama pale kama nimepewa nishani. Miaka yote hiyo! Nikaenda nikatafuta kiti kizuri, pembeni, mahali ninapoona benchi la mbele lote bila kichwa cha mtu kunizuia. Mwenye machimbo alikuwa ameketi hapo, suti ya buluu, ramani imeviringishwa magotini. Chifu akakaribisha wageni. Afisa kutoka Kajiado, mwanamke mtulivu mwenye buti za vumbi, akafungua kompyuta yake. Tukasimama. Watu wakainama. Nikamkazia macho yule mzee, tayari, macho hata hayapepesi.

Mama akaanza.

Hakuanza na wagonjwa. Alianza na maji. Akamwambia Mungu kwamba yeye anayakumbuka yale maji, yale ya mitungi, na vile mume wake alikuwa anabeba miwili na kumwachia mmoja halafu anajidai hachoki. Akamshukuru kwa chumba kisicho na dirisha. Akamshukuru kwa jiwe la kwanza lililowekwa likapinda, na fundi akataka kulitoa, na mume wake akasema liache, hilo ni la kwetu. Mimi sikuwa nimewahi kusikia habari za jiwe hilo. Akasema, "Watoto wangu wamesoma wameegemea ukuta huo, Baba, na wewe unaujua, kwa maana wewe ndiye ulikuwa unaushikilia."

Sijui ilitokea wakati gani. Nawaambia ukweli, mimi ambaye sikufunga macho kwenye maombi ya maaskofu, sikuyafunga kwenye maombi ya mazishi ya watu wangu mwenyewe, macho yalijifunga. Nilikuwa naomba. Nilikuwa namwomba Mungu kwa nguvu zangu zote asimchukulie mama yangu nyumba yake, na machozi yalikuwa yananiingia mdomoni, na sikuwa nikikumbuka kama nina kazi.

Nikasikia, mbali mbali, sauti ya Mama ikibadilika. "Na tunakushukuru, Bwana, kwa mtumishi wako, mzee wetu, maana umeugusa moyo wake, na ameamua mbele zako kwamba shimo lile hatalifungua mkabala na nyumba za watu, atalipeleka kule nyuma kwenye machimbo yake ya zamani—"

Hapo akavuta pumzi.

"Amina!" kanisa zima likasema.

Nikafungua macho. Woi! Nilikuwa nimechelewa. Midomo yote ilikuwa imeshafungwa.

Tukaketi. Chifu akapangusa uso, akasema sasa tumsikilize mzee atueleze mpango wake. Mzee akasimama, akaanza kuikunjua ramani. Mama naye akasimama.

"Chifu, samahani. Si hiyo tumeshamaliza? Mzee amesema Amina."

Kukawa na kicheko kidogo, kile cha watu wasiojua kama wanaruhusiwa kucheka. Mzee akatabasamu kwa upole, mtu mzima anavyomtabasamia mtu mzima mwenzake aliyepotoka.

"Mama mwenyekiti, mimi sikusema Amina. Nilikuwa nakohoa."

"Ulisema."

"Nilikohoa. Hii vumbi ya Kitengela unaijua. Amina ilisemwa na kanisa." Akageuka akatutazama wote, mikono imefunguliwa. "Au kuna mtu aliyeniona? Ndugu zangu, tulikuwa kwenye maombi. Nani alikuwa ananiangalia mdomo wakati wengine wamefunga macho mbele za Bwana?"

Jamani, mtu huyo ana akili. Kila mtu alikuwa ameisikia ile Amina, hakuna anayeweza kuichanganya na kikohozi, lakini aliyeiona angesimama kama nani? Kama mtoto au kama mwizi.

Mama akanigeukia. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, uso wa mtu ambaye ameweka akiba yake mahali salama.

"Mami, simama useme. Chifu, huyu ni daktari wa mambo haya. Yeye huwa hafungi macho, ni kazi yake, nyinyi wote mnajua. Alikuwa anaangalia."

Nikasimama. Ningeweza kudanganya, na nani angejua? Lakini nilikuwa kanisani, na uso bado ulikuwa umelowa.

"Mama," nikasema, "nilikuwa nimefunga macho."

"Umefunga nini?"

"Macho. Nilikuwa naomba."

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikakimbia benchi kwa benchi mpaka mchungaji akaficha uso kwa Biblia. Mtaa mzima ulikuwa unanijua kwa kitu kimoja tu, na siku ya kukihitaji ndiyo siku niliyookoka! Mwenye machimbo alicheka kuliko wote. "Bwana asifiwe," akasema, akaanza tena kukunjua ramani yake. Nilitaka ardhi inimeze, na kule tulikokuwa tunaelekea ingenimeza kweli, na nyumba juu yake.

Mama alikuwa bado amesimama. Kisha akapandisha mkono, akakishika kile kitambaa chake cheupe, akahakikisha kiko sawa.

"Mimi nilikuona," akasema.

Mzee akaacha ramani. "Mama mwenyekiti, wewe ndiye ulikuwa unaomba."

"Ndiyo. Nilikuwa naomba nikikuangalia. Nilifungua macho. Nilianza hapo kwa mume wangu na mitungi, na sikufunga tena mpaka mwisho." Akawageukia akina mama. "Wote mnanijua. Mnajua vile nimewafinya watoto wenu kwa jambo hili. Nimesimama mbele ya Mungu na macho wazi, na mkitaka kuninyang'anya kiti cha akina mama, chukueni. Lakini huyu mtu alifungua mdomo akasema Amina, na meno nikayaona."

Hakuna aliyecheka. Kiti kile Mama alikuwa amekikalia tangu nikiwa shule ya msingi, na alikuwa amekiweka mezani mbele ya kila mtu, kwa sababu mimi nilishindwa kufanya kazi yangu.

Halafu nyuma, karibu na mlango, Yeyo akasema bila kusimama, "Hata mimi nilimwona. Mimi siwezangi kufunga macho. Niko na mbuzi huko nje."

"Mbuzi wanahusiana nini na—" mzee akaanza.

"Ukifunga macho wanaenda kwa barabara ya Namanga."

Bawabu wa kanisa akakohoa, kikohozi halisi sasa, akasema yeye pia aliona, yeye ni bawabu, ameandikwa kuangalia. Mweka hazina akasema aliona kidogo, kwa jicho moja, kwa bahati mbaya. Mama wa lile goti akasema yeye goti likimuuma hufungua macho. Mmoja baada ya mwingine, watu niliokaa nao kanisani maisha yangu yote wakawa wanasimama na kukiri, na mimi mtaalamu nilikuwa sijui hata nusu yao. Mwisho mchungaji akateremsha Biblia usoni. "Mimi," akasema polepole, "huwa naangalia saa."

Afisa wa Kajiado akainua vidole kutoka kwa kompyuta. "Chifu," akasema, "sasa niandike nini?"

Macho yote, na yalikuwa wazi yote, yakaenda kwa yule mzee. Alikuwa amesimama na ramani yake nusu imekunjuliwa. Akaangalia mabati aliyoyatoa. Akamwangalia Mama, ambaye hakuwa ameketi. Nafikiri angeweza kubishana na chifu, angeweza kubishana na kaunti. Lakini alikuwa mtu aliyejengewa jina na Amina yake, na kama hiyo ilikuwa kikohozi, basi zile nyingine zote zilikuwa nini?

"Andika kule nyuma," akasema. "Kwenye machimbo ya zamani." Akaviringisha ramani. Halafu, nafikiri ilimtoka tu, kwa mazoea, "Amina."

Akina mama hawakumnyang'anya Mama kiti chake. Walikuja kumwona kesho yake wakiwa wamejaa swali moja, wanataka kujua kama kweli mtu anaweza kuomba na macho wazi na maombi yakafika. Mama aliwaambia wasijaribu nyumbani.

Lakini hayo ni ya kesho. Siku ile ile tulirudi nyumbani mimi na yeye. Nilichemsha chai, nikaileta barazani. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia na la kwanza lilikuwa nisamehe. Mama akanyoosha mkono kunizuia, akaelekeza kiti, upande wa kushoto. Nikafikiri nimeona vibaya. Akaelekeza tena. Nikaketi pale pa Baba, taratibu, nikiogopa kukiumiza kiti.

"Tuombee chai," akasema, akainamisha kichwa.

Nilifunga macho. Akaomba. Akashukuru kwa chai, akashukuru kwa ukuta, kisha akanyamaza katikati, muda mrefu mno kwa chai tu, nami nikafungua jicho moja kuona kama yuko salama. Alikuwa ananitazama, macho yote mawili, makavu, hayapepesi, ananitazama tu nilivyoketi mahali pale.

"Mama," nikanong'ona, "funga macho."

"Nyamaza," akasema. "Niko kazini."